Nguvu ya Bure na Deni Lake

*Pikapu kuukuu za dizeli nchini Marekani zinaongezewa nguvu kwenye gereji za majumbani, kwa mikono ya marafiki. Kanuni za makazi, sheria ya hewa safi na injini yenyewe, kila mmoja ana lake la kusema.*

MAKALA MAALUMU

Ndani ya pampu ya dizeli aina ya Bosch P7100, iliyofungwa kwenye pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins kuanzia modeli ya mwaka 1994 hadi sehemu ya kwanza ya modeli ya 1998, kuna kibati cha chuma kilichokazwa kwa skrubu mbili, ambacho kazi yake ni kuweka mpaka wa mafuta yanayoweza kupelekwa kwenye nozeli pale dereva anapokanyaga pedeli hadi mwisho. Mwenye gari akizilegeza skrubu hizo na kukisogeza kibati mbele kidogo, hupata nguvu ambayo kiwanda hakikukusudia kumpa, bila kununua kifaa chochote na kwa kazi ya alasiri moja.

Deni la nguvu hiyo hudaiwa mahali pengine. Mafuta yaliyoongezeka yanataka hewa ya kuyaunguza, na hewa isipotosha huzaa moshi mweusi na joto kali kwenye ekzosi. Klachi iliyotengenezwa kwa nguvu ya kiwandani huanza kuteleza. Na breki, ambazo hakuna aliyezigusa, hutakiwa kusimamisha gari linalokimbia zaidi na kuvuta tela zito zaidi. Kwamba nguvu inaweza kuongezwa ni jambo lililokwisha kujulikana miaka mingi. Kinachobishaniwa ni nini kitangulie katika kazi hiyo, nani aifanye, na ni wapi sheria itamruhusu kuifanya.

Kuhusu nani aifanye, jibu la kawaida nchini Marekani ni marafiki. Kazi hufanywa kwa ujima: mmoja anatoa nafasi ya gereji, mwingine ana winchi ya kunyanyulia injini, wa tatu alikwisha kufungua giaboksi ya aina hiyo hiyo, na malipo ni chakula cha jioni pamoja na ahadi isiyoandikwa kwamba zamu ya mwenzake ikifika, mwenye gari naye atakuja na spana zake.

Injini ya shambani chini ya boneti

Kampuni ya Cummins ilianzishwa mwaka 1919 katika mji wa Columbus, jimbo la Indiana, na kwa miongo mingi jina lake lilikwenda pamoja na malori makubwa. Injini zake za mfululizo wa B, zilizobuniwa kwa ubia na kampuni ya matrekta na mitambo ya J. I. Case na kuingia sokoni katika miaka ya 1980, zilikusudiwa mashine za kilimo, mitambo ya ujenzi na malori ya ukubwa wa kati, yaani vyombo vinavyoshinda kutwa nzima vikiwa vimeelemewa na mzigo. Chrysler ilipoamua kufunga injini ya mfululizo huo yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9 kwenye pikapu za Dodge, kuanzia modeli ya 1989, mnunuzi wa kawaida akawa anaendesha gari lenye moyo wa trekta.

Takwimu zake za mwanzo hazikutisha. Nguvu farasi zilikuwa 160 tu, lakini torki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti ambayo ndiyo inayoling'oa tela mahali pake, ilifika nyutoni mita 542, na ilipatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole. Bloku na silinda hedi ni za chuma cha kusubu, na injini nzima, kabla ya kutiwa oili na maji, inakaribia kilo 500. Hakuna mkanda wala mnyororo unaounganisha kranki na kemushafti, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na gia. Kila silinda ina valvu mbili, na kutokana na hesabu hiyo injini ikapata jina ambalo wapenzi wake wanalitumia hadi leo, la valvu 12.

Jambo linaloifanya ifae kwa gereji ya nyumbani ni kwamba karibu kila kitu ndani yake ni cha kimakanika. Ikishawaka, umeme pekee inaouhitaji ni ule wa kushikilia kifaa kinachofungua njia ya dizeli, kwa hiyo fundi asiye na kompyuta anaweza kulifuata tatizo kwa macho, kwa masikio na kwa vidole, kutoka kwenye tangi hadi kwenye nozeli. Pampu ya miaka ya mwanzo, Bosch VE, ilikuwa ya mzunguko, ambayo pistoni yake moja huzigawia silinda zote. P7100 iliyofuata mwaka 1994 ina pistoni ndogo ya pekee kwa kila silinda, na ina uwezo wa kupeleka mafuta mengi kuliko kiwanda kilivyodiriki kuutumia, hata pale kilipopandisha nguvu ya magari ya giaboksi ya mkono hadi farasi 215 mwaka 1996.

Katikati ya modeli ya 1998 injini ilibadilishwa ikawa ya valvu 24, na pampu yake, VP44, ikawa inaongozwa kwa umeme. Pampu hiyo ilijipatia sifa ya kufa mapema pale pampu ndogo inayoilisha inapodhoofika, na baadhi ya bloku za miaka ya 1999 hadi 2001, zenye namba 53 iliyosubiwa ubavuni, zilijulikana kwa kupasuka kwenye kuta za njia ya maji. Sifa hizo mbili, zikijumlishwa, zimepandisha heshima ya modeli za nyuma yake kuliko tangazo lolote la biashara.

Kipini kisichoonekana

Kabla ya mazungumzo ya nguvu, wazoefu wa injini hii humuuliza mwenye gari kama kipini kimeshughulikiwa. Swali hilo lina historia yake. Kasha la gia za mbele huwekwa sawasawa kwenye bloku kwa kipini cha chuma kilichopigiliwa ndani ya tundu lake, na kwa kuwa hakuna kitu kinachokizuia kutoka, mtikisiko wa miaka mingi unaweza kukirudisha nyuma nywele kwa nywele mpaka kikaanguka. Kikiwa na bahati njema hupenya hadi kwenye sampo na kutulia humo ndani ya oili bila mtu kujua. Kikiwa na bahati mbaya huingia kati ya meno ya gia, na hapo meno huvunjika au kasha lenyewe likapasuka, na safari ikaishia ukingoni mwa barabara.

Dawa yake ni nyepesi kwa fedha na nzito kwa muda. Feni na fenibelti hutolewa, kapi la mbele la kranki hufunguliwa, mfuniko wa gia huondolewa, kipini hurudishwa kwa nyundo, na kibati kidogo hukazwa kwa bolti ya jirani kikifunika tundu ili kipini kisipate tena pa kupitia. Kisha mfuniko hurudishwa kwa gasketi na sili mpya. Kazi hiyo humaliza siku nzima, na mwishoni mwake injini haijapata hata farasi mmoja wa ziada.

Kundi la marafiki linaloanza na kipini linastahili kuaminiwa, na lile linaloanza na kibati cha pampu linastahili kuulizwa maswali. Lile la kwanza limekubali kutumia Jumamosi yake kwa kazi isiyosikika mtu akikanyaga mafuta.

> Kipini humaliza siku nzima ya kazi, na mwishoni mwake injini haijapata hata farasi mmoja wa ziada.

Joto, springi na mteremko

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na tofauti na ya petroli, haina kilango cha kuzuia hewa isiingie. Hewa huingia kadiri inavyoweza, ikisaidiwa na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka ili kusukuma hewa zaidi ndani, na kiasi cha nguvu huamuliwa na mafuta. Kwenye P7100 kuna kiwambo kinachopokea presha ya tabo na kuyazuia mafuta yasizidi mpaka hewa ifike. Kiwambo hicho nacho kinaweza kurekebishwa kwa bisibisi, na wengi hukilegeza kwa sababu gari linakuwa jepesi kuondoka. Moshi mweusi unaoonekana gari linapoanza kuvuta ni mafuta yaliyofika kabla ya hewa yake.

Moshi ni aibu tu kwa mwenye gari. Joto ndilo linaloua. Kipimajoto cha ekzosi, ambacho kiwanda hakikukifunga, ndicho kifaa cha kwanza ambacho mtu mwenye busara hununua kabla ya kugusa pampu, na kanuni ya mtaani inayokubaliwa na wengi ni kwamba joto la moshi unaoingia kwenye tabo lisikae juu ya nyuzi 675 za Selsiasi kwa muda mrefu. Ikumbukwe kwamba alumini, ambayo ni malighafi kuu ya pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni yenyewe haifikii joto la moshi kwa sababu oili na hewa mpya huipooza, lakini kila kibati kinaposogezwa mbele nafasi ya usalama hupungua. Dereva anayevuta tela kwenye barabara kuu ya I-70 katika jimbo la Colorado, inayopanda hadi kwenye handaki la Eisenhower lililo juu ya mita 3,300 kutoka usawa wa bahari, huiona nafasi hiyo ikiisha kwenye kipimo chake, kwa kuwa hewa ya huko ni haba na mlima haumwachii nafasi ya kupumzisha mguu.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni gavana, kifaa kinachokata mafuta injini inapozunguka kupita kiasi. Kwa hali ya kiwandani huanza kuyapunguza karibu na mizunguko 2,500 kwa dakika, na springi ngumu zaidi za gavana huipeleka injini hadi 3,000 na kuendelea. Hapo springi za valvu nazo huwa dhaifu, kwani valvu huchelewa kufunga na kuanza kuelea. Kwa hiyo springi za valvu hubadilishwa, na hapa pana jambo la kuvutia: springi zile zile ngumu ndizo zinazohitajika kwa breki ya ekzosi, kifaa kinachoziba njia ya moshi ili presha inayorudi nyuma iipunguze injini mwendo, kwa sababu presha hiyo ikiwa kubwa huweza kuisukuma valvu ya ekzosi na kuifungua wakati usiotakiwa.

Kwa kuwa dizeli haina kilango cha hewa, kuinua mguu peke yake hakulizuii gari sana kwenye mteremko, na dereva yeyote aliyeshusha mzigo Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, hahitaji kuelezwa thamani ya breki ya ekzosi. Ajabu ni kwamba vijana wengi wa Marekani hununua springi hizo kwa ajili ya mizunguko ya juu na kuisahau breki ambayo ingezitumia kila siku. Mpangilio ulio sahihi kiufundi unaanzia mwisho huo: breki, rejeta, usukani na mpira wa tairi kwanza, kisha klachi au, kwa magari ya giaboksi ya kujibadilisha yenyewe, matengenezo ya giaboksi hiyo ambayo ilikuwa kiungo dhaifu tangu ikiwa mpya, halafu vipimo vya joto na presha, na pampu mwisho kabisa.

Kazi isiyofanywa na mtu mmoja

Saa moja ya fundi katika karakana za Marekani mara nyingi hutozwa zaidi ya dola 100, na pikapu mpya nzito ya dizeli mara nyingi hupita dola 60,000, kwa hiyo msukumo wa kiuchumi wa kulitunza gari kuukuu kwa mikono ya wenzako hauhitaji maelezo marefu. Lakini fedha pekee hazitoshi kueleza ujima huo, kwa sababu zipo kazi ambazo mtu mmoja, hata akiwa fundi hodari, hawezi kuzifanya vizuri.

Kutoa hewa kwenye mfumo wa breki ni mfano wa kila siku: mmoja hukaa kwenye kiti akikanyaga pedeli, mwingine hulala chini ya gari akiwa na spana kwenye nipeli ya gurudumu, na kazi huenda kwa kuitikiana, mmoja akisema ameshikilia na mwingine akisema amefunga, kwani pedeli ikiachiwa kabla ya nipeli kufungwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. Giaboksi ya mkono ya NV4500, yenye uzito wa takriban kilo 90, inahitaji jeki yake na watu wawili wa kuilenga ili shafti iingie kwenye klachi bila kulazimishwa. Kupima nafasi ya valvu, ambayo kwa injini hii ikiwa baridi ni milimita 0.25 upande wa hewa na 0.51 upande wa ekzosi, huenda vyema zaidi mmoja akiwa chini anaizungusha injini kwa mkono kupitia tundu la kasha la flaiwili, huku mwingine akiwa juu na vibati vya kupimia akimwambia asimame.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni jicho la pili. Bolti iliyosahaulika kukazwa huonekana upesi na mtu ambaye hakuwa anaikaza, na rafiki aliye na uthubutu wa kusema kwamba gari lisiwashwe leo ana thamani kuliko yule mwenye winchi. Si kila kundi lina mtu wa aina hiyo. Ujima una udhaifu wake: hakuna bima mtu akiumia, hakuna stakabadhi kazi ikiharibika, na ni vigumu kumdai rafiki alipe gasketi aliyoipasua. Ajali mbaya zaidi ni ya gari lililoachwa juu ya jeki bila stendi, na kwenye pikapu yenye injini ya nusu tani mbele, jeki ikiteleza mtu aliye chini hana nafasi ya pili.

Jirani anapopiga simu

Upinzani wa kwanza dhidi ya gereji za majumbani unatoka karibu sana, kwenye kanuni za matumizi ya ardhi. Kaunti ya Sacramento, katika jimbo la California, inapiga marufuku matengenezo makubwa ya magari kwenye maeneo ya makazi, na hata yale madogo imeyawekea masharti matatu: yasitumie zana zisizo za kawaida nyumbani, yasifanywe kwa gari lililosajiliwa kwa jina la mtu asiyeishi kwenye kiwanja hicho, na yasifanywe nje ya gereji iliyofungwa kiasi cha kuliacha gari halitembei kwa zaidi ya saa 24.

Sharti la pili ndilo linalougusa ujima moja kwa moja. Mwenye nyumba anaruhusiwa kubadili oili ya gari lake, ila gari la rafiki yake likiingia uani kwa kazi hiyo hiyo, mwenye nyumba huwa amevunja kanuni, hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni mwa mtu. Sharti la kwanza nalo linaleta mjadala wa aina yake, kwa sababu hakuna orodha inayokubalika na wote ya zana zinazopatikana nyumbani, na mtoto wa mkulima aliyekulia kati ya matrekta ataihesabu winchi ya injini kuwa kitu cha kawaida kama ngazi.

Maofisa wa kaunti wana hoja yao, na haifai kuipuuza. Wanasema kemikali za matengenezo makubwa huchafua mitaa na kuhatarisha afya, magari huongezeka barabarani, na mandhari ya mabodi yaliyofunguliwa hushusha thamani ya nyumba. Injini ya lita 5.9 hubeba takriban lita 11 za oili, na mamlaka ya shirikisho ya ulinzi wa mazingira, EPA, hueleza kwamba oili chafu ya gari moja ikimwagwa ovyo inaweza kuharibu maji safi yapatayo lita milioni 3.8. Hata hivyo, kanuni inayolenga kemikali ingeweza kusema kemikali. Kanuni iliyoandikwa kwa kumtazama mwenye gari badala ya oili inaelekea kumkamata jirani mwema pamoja na yule anayeendesha karakana ya siri, na hapo ndipo wapinzani wake walipopata nguvu ya hoja.

> Mwenye nyumba anaruhusiwa kubadili oili ya gari lake, ila la rafiki yake likiingia uani, amevunja kanuni.

Moshi mbele ya sheria

Upinzani wa pili unatoka Washington. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inamkataza mtu yeyote kuondoa au kulemaza kifaa kilichofungwa ili gari litimize viwango vya moshi, na haiishii kwenye vifaa. Inataja pia kila sehemu ya usanifu iliyowekwa kwa madhumuni hayo. Kwa tafsiri hiyo pana, hata kibati cha pampu ambacho makala haya yameanza nacho kinaweza kuhesabiwa.

Katika utekelezaji, macho ya serikali yameelekezwa kwa magari mapya zaidi. Tangu modeli za 2007, pikapu za dizeli zimekuwa na chujio la masizi, chombo kinachokamata chembe za moshi na kuziunguza baadaye kwa joto. Ripoti ya EPA ya Novemba 2020 ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vyake vya moshi katika muda wa takriban muongo mmoja, na kwamba magari hayo yangetoa katika maisha yake tani 570,000 za ziada za oksidi za naitrojeni na tani 5,000 za chembe za masizi, madhara yanayolingana na kuongeza barabarani pikapu milioni 9 zisizochezewa.

Pikapu ya valvu 12 haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu haikuwahi kuwa na chujio la kuondolewa. California, yenye sheria kali kuliko majimbo mengine, hupima moshi wa magari ya dizeli kuanzia modeli ya 1998, na hivyo karibu kizazi kizima cha injini hii kimepita chini ya uzio. Upungufu huo wa sheria umeyapandisha thamani magari ambayo, kwa kipimo cha pua, ndiyo machafu zaidi.

Uchafu huo si suala la pua peke yake. Mwaka 2012 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Tena tatizo halitatuliwi kwa kufuta moshi unaoonekana: fundi akiipanga pampu ipeleke mafuta mapema zaidi kuliko kiwanda kilivyopanga, moshi mweusi hupungua na nguvu huongezeka, lakini joto ndani ya silinda hupanda na oksidi za naitrojeni, ambazo jicho halizioni, huongezeka pamoja nalo. Kuna pia wale wanaoutafuta moshi huo kama burudani na kuwamwagia waendesha baiskeli makusudi. New Jersey iliupiga marufuku mchezo huo mwaka 2015 na Colorado ikafuata mwaka 2017, na watengenezaji makini wa magari haya hawakuulilia, kwa kuwa kila wingu jeusi lililorekodiwa barabarani liliwaongezea wao maadui.

Dizeli yenyewe imebadilika

Ipo hoja moja ya kiufundi inayovuka bahari. Marekani ilianza mwaka 2006 kuuza kwa magari ya barabarani dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwenda kwenye sehemu 50 kuanzia Januari 2015. Usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya utelezi wa asili wa dizeli, ndiyo maana viwango vya mafuta vinadai kiongezwe kitu cha kuurudisha. Pampu ya VE hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake na si kitu kingine, wakati P7100 hupokea oili ya injini kwa ajili ya kemushafti yake. Kwa hiyo mwenye gari la modeli ya 1989 hadi 1993 ana sababu ya ziada ya kubadili sili zilizochoka na kujali ubora wa kituo anachojazia, awe Ohio au Morogoro.

Kutoka skrubu hadi faili

Wanaotetea haki ya kubadili magari yao wana hoja waliyokabidhiwa na watengenezaji wenyewe. Desemba 2023 Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, kubwa kuliko faini yoyote ya madai iliyowahi kutozwa chini ya Sheria ya Hewa Safi, kuhusu injini za Ram ambazo serikali ilisema zilifungwa programu za kukwepa udhibiti wa moshi. Magari yaliyotajwa kuwa na vifaa vya kukwepa, ya modeli za 2013 hadi 2019, yalikaribia 630,000. Kampuni haikukiri kosa. Mwenye pikapu anayeambiwa kwamba skrubu mbili za gari lake ni tishio kwa taifa huuliza, na si bila haki, ni nani aliyeanza. Lakini faini hiyo haikuisafisha hewa anayoivuta mtoto wa jirani, na kosa la kiwanda halimhalalishii mwenye gari kuongeza lake.

Magari ya 2013 sasa yamepita miaka kumi na yanaingia mikononi mwa wamiliki wa pili na wa tatu, watu wa kipato kile kile ambacho miaka ishirini iliyopita kilinunua valvu 12. Breki zake, klachi, springi za chini na rejeta bado ni kazi ya spana na marafiki, na hakuna sheria ya hewa inayozihusu. Nguvu yake, hata hivyo, imo kwenye faili la kompyuta, na mauzo ya mafaili na mabomba ya kuondolea vidhibiti ndiyo EPA inayoyafuatilia kwa faini. Mnunuzi makini wa pikapu ya aina hiyo hulala chini ya gari kabla ya kuwasha injini, akitazama kama chujio la masizi bado lipo au mahali pake pamewekwa bomba tupu, kwa sababu gharama ya kulirudisha itakuwa yake, na chujio si kitu ambacho marafiki wanaweza kukitengeneza gereji Jumamosi.